Sahihi ya Februari

Kosa ni mstari mmoja, mwekundu:
*ufunguo wa siri haupatikani.*
Skaidrīte anausoma mara ya nne
kama mtu anayeambiwa na benki yake mwenyewe
kwamba haijapata kumwona.

Nje, Daugavpils, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Mabomba ya maji moto yanapumua mvuke kando ya reli,
na programu iliyo mbele yake
ndiyo inayoamua mtaa gani upate joto kwanza
kabla watoto hawajaamshwa kwenda shule.
Amebadilisha namba moja. Moja tu:
sitini na nane iwe sabini na moja.
Lakini tangu mwaka mpya kanuni ya ofisi ni hii:
badiliko lisilo na sahihi halipokelewi.

Ufunguo anao. Anajua anao.
Aliutengeneza miaka tisa iliyopita
kwa zana ya usimbaji aliyoisakinisha mwenyewe,
na Vitolds wa chumba cha pampu
akadai pasipoti, akaitazama picha, akamtazama yeye
(walikuwa wameketi meza moja miaka kumi na saba!),
akasoma kwa sauti alama ya kidole ya ufunguo,
herufi nne nne, supu ya bitiruti ikipoa kati yao,
kisha akauthibitisha kwa ufunguo wake.
"Sasa," alisema, "hata nikikusahau, hesabu haitakusahau."
Vitolds alizikwa Oktoba.

Ndiyo maana vidole vinamtetemeka
kuliko kosa dogo kama hili linavyostahili.
Ufunguo ukipotea, atatengeneza mwingine
kabla chai haijapoa.
Nani atauthibitisha?

Anauliza dirisha moja: orodhesha funguo.
Zinatoka zote; jina lake, na chini yake jina la marehemu.
Anauliza dirisha la pili, lile la mtunza-matoleo.
Tupu. Hata neno la pole hamna.

Hapo anacheka peke yake, saa kumi na moja alfajiri.
Kumbe nyumba ina mabawabu wawili!
Mmoja alikuja na mtunza-matoleo, sanduku lilelile,
kama kijiko kinachokuja na dawa ya kikohozi;
hajapewa ufunguo hata mmoja,
na kila aulizwapo hujibu kweli tupu: sina.
Wa pili alisakinishwa kando, folda nyingine,
shada zima la funguo kiunoni,
na hakuna aliyemwita.
Jina lao moja. Mafahali wawili hawakai zizi moja,
lakini hawa wamekaa tangu kompyuta inunuliwe
bila hata kukoholeana.

Tiba ni amri moja. Anaiandika polepole,
njia yote, kutoka herufi ya diski
hadi jina la faili la yule bawabu wa pili,
na alama za kunukuu mwanzo na mwisho,
kwa kuwa katikati ya njia kuna nafasi,
na nafasi isiyofungwa ilishamkesha usiku mwingine.
Maana yake ni hii tu:
ukitaka kutia sahihi, usimwulize uliyekuja naye.
Mwulize yule.

Kisanduku kinafunguka, kinaomba nenosiri.
Ni sentensi ndefu ya bibi yake, wa Latgale,
kuhusu mbuzi. Zaidi ya hapo hatuambiwi.

Imepita.
*Sahihi ni nzuri,* inasema mashine,
na jina lake kamili linafuata.

Katika lugha yake neno hilo lina uso mmoja.
Katika yetu lina nyuso mbili, nami nimelipenda kwa hilo:
sahihi haisemi kwamba sabini na moja ni sahihi.
Inasema, ni mimi.
Nikikosea, mlango wangu mnaujua.

Saa kumi na mbili na nusu, mtaa wa Grīva,
radieta zinaanza kugonga, tiki, tiki,
na mtu asiyemjua Skaidrīte
anavua soksi za juu, anabaki na za chini.